Mama mwenye mimba, kidonge, na sheria inayomfukuza

Ndugu wachimbaji, wamama wa mashimo, na ninyi wote ambao chakula chenu cha jioni kinatoka chini ya udongo: leo hatutasema juu ya bei ya coltan wala juu ya mizani ya wanunuzi. Tutasema juu ya jambo ambalo tumelinyamazia muda mrefu. Na sisi wa sendika tulikuwa wa kwanza kulinyamazia.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye machimbo moja ambayo hatutaitaja jina, tulipata habari kwamba tume ya ukaguzi inakuja. Tulifanya kama tulivyozoea. Tulipita kati ya wamama wanaoosha mchanga na wale wanaobeba mifuko, tukawaambia: «Mwenye mimba ashuke kijijini, asirudi mpaka tume iondoke.» Wakashuka. Mmoja hakushuka. Alifunga kitenge mara mbili, akavaa koti ya mume wake juu, akaendelea kubeba. Mchana alianguka njiani akitetemeka mwili wote, povu mdomoni. Tulipolegeza kitenge apate hewa, tulikuta fundo, na ndani ya fundo makuta kidogo na vidonge vya tramadol. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita.

Tulimbeba mpaka kituo cha afya. Nesi akauliza: «Amemeza dawa gani?» Tukaangaliana. Hakuna aliyejibu. Tuliogopa machimbo yasifungwe, tuliogopa mama asipelekwe polisi, tuliogopa jina la koperative lisichafuke. Nesi akamhudumia kama mwenye kifafa cha mimba, sababu njo ugonjwa aliouona mbele yake. Usiku mwenzetu mmoja alirudi peke yake akasema ukweli. Yale masaa manne ya kimya njo yanatusukuma kuandika leo.

Mama alipona. Mtoto alizaliwa hai. Siku ya pili akaanza kutetemeka, analia kwa sauti kali bila kunyamaza, anakataa ziwa. Bibi yake akasema mtoto amerogwa. Lakini nesi alikwisha kujua habari ya vidonge, akamtuma hospitali mapema, na mtoto akatoka huko na uzima. Angalieni vizuri: kilichomwokoa ule mtoto hakikuwa sheria wala tume. Ni neno moja la kweli lililosemwa kwa mtu anayeweza kutibu.

Kidonge kinafanya nini

Hatuko waganga, lakini tumeuliza na tumejifunza. Tramadol ni dawa ya maumivu. Ilitengenezwa Ujerumani, ikaanza kuuzwa kule mwaka 1977. Iko katika familia moja na morfini, hata kama nguvu yake ni ndogo kuliko morfini. Mtu aliyevunjika mguu, aliyepasuliwa, mwenye kansa, anaihitaji, na tusimwonee mtu huyo. Kidonge cha kawaida kina miligramu 50, na mtu mzima hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku. Lakini katika Afrika ya magharibi wamekamata vidonge vya miligramu 225 na 250, ambavyo hakuna muganga wa kweli anayeviandika.

Kwenye mashimo hakuna anayeimeza sababu ya raha. Tunaimeza sababu mgongo unauma, sababu mfuko una kilo hamsini na njia ni ya kupanda, sababu inaondoa uchovu na njaa na woga wa shimo. Wengine wanaimeza na kanyanga. Hapo hatari inaongezeka mara nyingi, maana vyote viwili vinapunguza pumzi, mtu analala na haamki.

Na wamama? Njia yao mara nyingi inaanzia nyumbani. Mume ameangukiwa na jiwe, muganga amemwandikia tramadol ya siku tano. Mguu umepona, karatasi imebaki. Ile karatasi inarudi farmasi mara ya pili, mara ya kumi, mpaka maandishi yanafutika. Mama naye mgongo unamuuma, anachukua kimoja cha mume. Mwingine alipewa baada ya kuzaa kwa kupasuliwa. Mwingine hajaona karatasi yoyote, alinunua kimoja kimoja kwenye meza ya njiani, kati ya biskuti na betri za tochi. Baada ya majuma machache mwili umezoea. Asipomeza anatoka jasho, tumbo linakata, mifupa inauma, halali. Hapo si tabia mbaya tena, ni ugonjwa.

Akiwa na mimba, dawa inapita kwa mtoto. Mtoto anazoea tumboni, na akizaliwa dawa inakatika kwa ghafula. Njo yale tuliyoyaona: kutetemeka, kilio kikali, kukataa kunyonya. Waganga wanaujua ugonjwa huu na unatibika, kama wanajua mapema wanachokitafuta.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Mama aliyekwisha kuzoea asiache kwa siku moja, peke yake, nyumbani, sababu ameogopeshwa. Kuacha ghafula kunaweza kumletea degedege na kuharibu mimba. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mama mwenye mimba aliyetawaliwa na dawa za familia hii apewe matibabu ya kufuatiliwa, kama methadone au buprenorphine, badala ya kukatishwa tu. Mbali si sana: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadone mwaka 2011, na Kenya ikafuata. Kwenye machimbo yetu, hata nesi wa kuuliza hayo mara nyingi hatumpati.

Sheria ziko ngapi?

Watu wanasema: «Kongo hakuna sheria.» Si kweli. Sheria ziko nyingi. Shida ni kujua zinambana nani.

Ya kwanza ni ya dawa. Amri ya kazi ya farmasi tuliyoirithi ni ya Machi 1933, wakati wa Wabelgiji. Juu yake kuna sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inayopanga afya ya watu wote. Na tangu 2020 kuna ACOREP, mamlaka ya leta ya kusimamia dawa. Kwenye karatasi mambo yako wazi: dawa kama tramadol inatolewa na mtu aliyesomea, kwa maandishi ya muganga. Kwenye njia mambo ni mengine. Mwenye meza anauza, mwenye duka la kujiita farmasi anauza, na hatujaona mara nyingi mmoja wao akifungiwa mlango.

Tena tramadol haiko katika mkataba wa dunia wa mwaka 1961 unaofunga morfini. Shirika la Afya Duniani limeiangalia mara kadhaa na halikutaka ifungwe hivyo. Walihofia kwamba wagonjwa wa nchi maskini, ambao morfini haiwafikii, wangekosa hata hii. Sababu hiyo tunaielewa. India, ambako dawa nyingi za Afrika zinatengenezwa, iliiweka chini ya sheria yake ya madawa ya kulevya mwaka 2018. Lakini mzigo ukishavuka mpaka, kazi ya kuusimamia inabaki yetu.

Ya pili ni ya madini. Tuko na kodi ya madini ya 2002 iliyobadilishwa Machi 2018, na kanuni zake za 2003 ambazo zina mwenendo wa mchimbaji mdogo. Mwenye mimba hapaswi kufanya kazi ndani ya machimbo. Tangu 2012 machimbo yanapewa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Tume ikikuta watoto au wamama wenye mimba wanafanya kazi, rangi inaweza kubadilika, na rangi ikibadilika madini yote ya mlima yanakosa njia ya haki ya kutoka. Kwa hiyo tumbo la mama mmoja linageuka hatari kwa mamia ya wanaume. Munaelewa sasa juu ya nini tunamwambia «shuka, jifiche».

Hatusemi mwenye mimba abebe mifuko. Sheria ina haki kumtoa chini ya ule mzigo. Lakini tumsikilize naye akiuliza: «Nikitoka, nitakula nini?»

Hapo njo tunaifikia sheria ya tatu, kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mama mwenye mkataba, anayefanya kazi ofisini au kwenye kampuni, anapata majuma 14 ya kuzaa na theluthi mbili za mshahara. Huyo naye anatolewa kazini, lakini anatolewa na makuta. Mama wa machimbo hana mkataba. Analipwa kwa mfuko aliobeba, kwa beseni aliloosha. Sheria ya madini inamfikia, ya kazi haimfikii. Ile ya kukataza inajua njia ya mlima, ile ya kusaidia inaishia barabara ya lami.

Basi anafanya nini? Anafunga kitenge mara mbili. Na mgongo wa mimba ukimzidi, hawezi kumwambia kiongozi wa machimbo, hawezi kupunguza mzigo, maana akipunguza watajua. Anameza kidonge ili atembee wima kama asiye na mimba. Tunasema wazi: kwa mama wa namna hii, tramadol si ya kulewa. Ni ya kuficha.

Juu ya hayo kuna kodi ya adhabu. Kifungu cha 166 kinampa mama aliyetoa mimba kwa kutaka kifungo cha miaka mitano mpaka kumi. Mama aliyemeza vidonge kisha mimba ikaharibika anajua watu watasema nini. Anaogopa kwamba damu yake itageuka ushahidi. Hakwenda hospitali kwa sababu hiyo, na wako waliokufa nyumbani.

Wengine wamejaribu kifungo

Wako wenzetu wanaosema dawa ya jambo hili ni gereza: mama anayemeza vidonge na mimba afungwe, wengine wataogopa. Tunawaelewa, uchungu wa mtoto unasema ndani yao. Lakini jambo hili limekwisha kujaribiwa, na si na nchi maskini.

Marekani ilipigwa na dawa za maumivu kuliko nchi nyingine. Huko vidonge vilitoka kwa waganga wenyewe, kwa maandishi, kwa miaka mingi. Jimbo la Tennessee, ambako watoto wengi walikuwa wanazaliwa wakitetemeka, lilipitisha sheria mwaka 2014: mama akimeza dawa hizi wakati wa mimba na mtoto akazaliwa nazo, anaweza kushtakiwa kama aliyempiga mtu. Ilianza Julai 2014. Waganga na wakunga wakaona nini? Wamama wakaanza kukimbia kliniki za mimba. Wengine walivuka jimbo kuzaa kwingine. Wabunge walikuwa wameipa ile sheria miaka miwili, na ilipofika Julai 2016 hawakuiongeza. Ikafa.

Mwaka 2019 watafiti walitoa hesabu ya majimbo manane, uzazi zaidi ya milioni nne. Pasipokuwa na sheria za kuadhibu mama, walihesabu watoto 46 waliozaliwa na ugonjwa huu kwa kila uzazi 10,000. Pale ambapo sheria hizo zilikuwa zimefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja, walikuwa 60. Hesabu kama hii haithibitishi peke yake kwamba sheria iliwaongeza. Lakini hakuna anayeweza kusema iliwapunguza.

Na kabla ya hapo, mwaka 2001, Mahakama Kuu ya nchi ileile iliamua kesi ya hospitali moja ya Charleston, iliyokuwa inapima mkojo wa wamama wenye mimba bila wao kukubali na kupeleka majibu kwa polisi. Mahakama ikasema hapana. Kwetu pia liko neno la kusimamia: kifungu cha 73 cha kodi ya adhabu kinamwadhibu muganga anayetoa siri ya mgonjwa nje, isipokuwa pale sheria au mahakama inapomtaka aseme. Wamama wetu wachache sana wanajua hivyo. Tangu leo wajue. Unachomwambia nesi juu ya vidonge si habari ya kupelekwa sokoni.

Kuna atakayetuuliza: «Basi mutawaacha waharibu watoto?» Hapana. Tunataka sheria iume, lakini iume mahali panapostahili. Anayeingiza makartoni bila ruhusa, anayeuza vya miligramu 225, mwenye farmasi anayepokea karatasi ya mwaka juzi: hao sheria iwatafute. Wako na duka, wako na mlango, wanaonekana mchana. Inashangaza kwamba leta inaona tumbo chini ya kitenge na haioni meza kando ya njia.

Tunayoyataka, na tutakayoyafanya sisi wenyewe

Kwa leta tunaomba mambo matatu. Moja: wakaguzi wa dawa wafike mpaka kwenye machimbo, wasiishie mjini, na waanze na wauzaji wakubwa. Mbili: mwenye mimba akionekana kwenye machimbo, isiwe sababu ya kubadilisha rangi kwa siku moja. Koperative ipewe muda wa kuonyesha kwamba imemtoa kwenye mzigo na imempa kazi nyingine au msaada. Machimbo yapimwe kwa namna yanavyomtunza, si kwa namna yanavyomficha. Tatu: SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kusaidia wachimbaji wadogo, ikae na watu wa afya, nesi mmoja afike kwenye machimbo makubwa siku inayojulikana.

Lakini tusingoje leta peke yake, tutazeeka. Kwenye kila mfuko unaoshuka mlimani tunakatwa: huyu anachukua, yule anachukua. Tunaomba kila koperative iweke pembeni kidogo kwa kila mfuko, sanduku la wamama wenye mimba, lishikwe na wamama wenyewe, hesabu isomwe mbele ya watu. Halitafika theluthi mbili za mshahara. Lakini litamnunulia unga, na mama mwenye unga hana haja ya kufunga kitenge mara mbili. Tena ziko kazi za kukaa: kuandika mifuko, kutunza vyombo, kupika, mahali palipo mbali na mashimo na vumbi. Mara nyingi tunazipatia vijana wenye nguvu. Tuzibadilishe.

Kwa wababa: dawa uliyoandikiwa ni ya mguu wako. Ikibaki, usimpe mke wako, usimuuzie jirani. Na ukijua mke wako anameza, usimpige, usimtangaze. Msindikize kliniki ya mimba, ukae naye mpaka aseme.

Kwa wamama: nenda CPN mapema, hata kama tumbo halijaonekana. Ukifika sema: «Nameza tramadol, hivi kwa siku, tangu mwezi fulani.» Usiache ghafula peke yako. Usiongeze, usichanganye na kanyanga. Ukizaa, umwambie mkunga hata kama hakukuuliza, ili mtoto aangaliwe siku za kwanza. Na juu ya kunyonyesha uliza kwanza, maana dawa hii inapita kwenye maziwa.

Kwa manesi wetu, ambao nao wanafanya kazi na mishahara isiyofika: mama akisema ukweli, msimfokee mbele ya wengine. Akifokewa mmoja, kumi hawatarudi.

Na sisi wa sendika? Tumeamua jambo moja. Siku tume itakapokuja tena, hatutapita tukiwaambia wenye mimba wajifiche. Tutakaa nao, na tutasema idadi yao mbele ya wakaguzi, na tutaonyesha sanduku na kazi walizopewa. Pengine tutagombezwa. Pengine rangi itakuwa mbaya mara ya kwanza, na wenzetu watatukasirikia, maana njaa haina subira. Tunalijua hilo na tunaogopa. Lakini tulishawahi kukaa masaa manne mbele ya nesi tukiangalia viatu vyetu, mama akitetemeka kitandani. Hatutaki kukaa hivyo tena.